Afadhali Kuliko Nini?

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu wa nyumbani,

Napenda barua ya safari hii niiandike juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu aliyepita darasani alilikariri kwa sauti mbele ya mwalimu, yaani namna Waingereza wanavyolinganisha kitu na kitu, kwa kuwa katika makazi yangu huku imenidhihirikia kwamba umbo la maneno yale tulifundishwa barabara, lakini matumizi yake hatukufundishwa. Tuliimba "good, better, best". Tukajua kwamba neno fupi huongezwa silabi mwishoni na neno refu hutanguliziwa "more". Tukajaza nafasi zilizoachwa wazi katika mtihani, Juma ni mrefu kuliko Ali, tukapata alama zetu. Mtu akiishi na wenye lugha, akawasikiliza kituoni, dukani na ngazini, huona kwamba Juma na Ali hawamo: aghalabu Mwingereza hulinganisha bila ya kukitaja kile anacholinganisha nacho, na mara nyingi hakusudii kupima kitu chochote.

Jirani anayekutana na jirani yake asubuhi ya mwezi wa Februari hamwambii kwamba baridi imekaza, bali humwambia kwamba leo kuna ujoto kidogo kuliko jana, au kwamba hali ingaliweza kuwa mbaya zaidi, na yule wa pili huafiki hata kama vidole vyake vimekufa ganzi, kwa sababu maneno yale ni salamu, kama sisi tunavyoulizana habari za utokako na uendako ilhali hatungoji kusimuliwa habari zenyewe. Anayejibu kwa hoja, akashikilia kwamba kwa hakika jana kulikuwa na joto zaidi, ameikataa salamu.

Liko na la ajabu zaidi. Mwingereza akisema "an old man" amekusudia mzee. Lakini akisema "an older man", maneno ambayo kwa kanuni ya darasani yangepasa kumzidishia mtu umri, amempunguzia, kwani huyo ni mtu aliyeanza kuvuka makamo na bado hajafikia kuitwa mzee. Mlinganisho hapo umekuwa adabu ya kumsitiri mtu, na mimi, niliyelelewa kuamini kwamba uzee ni heshima, ilinichukua muda kufahamu kwa nini mtu asitiriwe nao. Kadhalika "the better part of an hour" haina uzuri wowote ndani yake; ni sehemu kubwa ya saa, na msemaji wake mara nyingi ni mtu aliyechoshwa na kungoja. Na "as right as rain" humsifu aliyepona kwa kumlinganisha na mvua, sifa ambayo mkulima wa Handeni angeielewa mara moja, lakini inashangaza kuisikia katika nchi ambayo watu wake hawaachi kuinung'unikia mvua.

La kuchungwa kuliko yote ni "you had better", na hapa ningependa vijana wanaojitayarisha kuja kusoma au kufanya kazi wanisikilize kwa makini. Masikio yetu hulipokea kama nasaha yenye hiari: ingekuwa bora ufanye hivi, lakini ukipenda, acha. Kinywani mwa msimamizi wa kazi hiari hiyo haimo. Nyuma ya maneno yale kuna adhabu ambayo haikutajwa. Nimewaona vijana wetu, wenye akili na bidii, wameambiwa "you had better be here by seven", nao wakawasili saa moja na robo kwa utulivu wa moyo, kisha wakastaajabu walipoitwa kujieleza. Jamaa ya maneno hayo ni "I would rather you didn't", ambayo kwa dhahiri yake ni upendeleo wa msemaji na kwa maana yake ni katazo kamili.

Hata zile kanuni za umbo tulizochapiwa fimbo si za kale kama tulivyodhani. Shakespeare, katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, amemtia Antony kinywani sifa yenye alama mbili za kuzidisha kwa pamoja, moja mbele na moja nyuma, pale anapowaonyesha Warumi jeraha lililotokana na mkono wa Brutus. Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, ndiye aliyeandika katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 kwamba kuzidisha mara mbili hakufai, na leo mwanafunzi wa Tanga akiandika alivyoandika Shakespeare hukatwa alama.

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni maskini katika mlango huu kwa kuwa sifa zetu hazibadiliki mwisho wake. Neno hilo silikubali hata kidogo. Sisi husema amenizidi kimo, amenipita umri, amenishinda kwa subira. Kwetu kulinganisha ni kitendo, na anayelinganishwa ametenda au ametendwa. Fauka ya hayo, tunayo maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yakiwa tayari yameumbwa kwa kipimo cha kulinganisha: afadhali latokana na afdhal, yaani bora zaidi, aghalabu ni aghlab, akali, kama tunavyosema akali ya watu, ni aqall, na aula ni kile kistahilicho zaidi. Muislamu naye katika kila sala hutamka takbira, ambayo ni sifa ya mlinganisho isiyofuatwa na chochote cha kulinganishwa, kwa kuwa hakipo.

Basi wenye lugha mbili hizi wanapokutana kitandani pa mgonjwa, kila mmoja huacha kutaja kilinganishwa kwa sababu yake mwenyewe, na hapo pana hatari. Katika kazi yangu ya ukalimani nilisimama kati ya daktari na bibi mmoja wa kwetu aliyelazwa. Daktari aliuliza kama maumivu ya leo ni "better or worse" kuliko ya jana. Bibi akajibu, "Afadhali, mwanangu, alhamdulillahi." Nikafasiri kama alivyosema, maana amana ya mkalimani ni kutozidisha wala kutopunguza, na daktari akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Lakini aliyelelewa pwani anajua kwamba afadhali ya mgonjwa mbele ya mgeni ni shukrani kwa Mola na stara kwa nafsi yake, na huenda usiku kucha amekesha kwa kuugulia.

Nikamwomba daktari ruhusa ya kufafanua jambo la desturi, akanipa. Nikamweleza kwamba neno lile halikupima kitu, na kwamba kwetu mtu huulizwa vitendo. Akaanza upya. Jana ulikwenda msalani kwa miguu yako? Nilikwenda, nimeshikwa mkono. Na leo? Leo sikuweza kuinuka. Usiku ulilala? Sikulala, adhana ya simu yangu imenikuta macho. Daktari akakifuta alichokiandika, akaagiza dawa nyingine na picha ya nyonga siku ile ile.

Walimu wa nyumbani wanaowafundisha vijana wanaokuja huku kuwa wauguzi nawaomba kwa taadhima watenge kipindi kimoja baada ya jedwali la "good, better, best", wawaeleze wanafunzi wao nani huyasema maneno haya, humwambia nani, na anataka kujibiwa nini.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni