Pigano lenye kuchosha, na woga niliotoka nao Kiwanja

Siku moja ya mvua, mwaka wa 2023, nilikuwa katika kambi ya Bulengo, magharibi ya muji wa Goma. Nilienda kuuliza habari ya maji. Mvua ikanikamata, nikakimbilia chini ya basha moja ambapo vijana wanachajisha simu kwa sahani ya jua. Vijana kama kumi walikuwa wamesongamana mbele ya simu moja, wengine wamekaa juu ya mabidoni ya njano. Mwenye simu alikuwa na mapigano ya MMA ndani ya kadi yake.

"Tunaweka Ngannou!" akasema. Wote wakapiga kelele.

Waliweka pigano la Francis Ngannou na Derrick Lewis, la tarehe 7 Julai 2018, kule Las Vegas, Marekani. Mimi nilikuwa nimelitazama zamani. Nilitaka kuwaambia waweke lingine, lakini nikanyamaza.

Kisha dakika tatu, kelele ziliisha. Kisha dakika tano, wawili walitoka, wakapendelea mvua. Kijana mumoja akauliza: "Hawa wanapigana ao wanaangaliana tu?" Nyuma yetu kulikuwa mama mumoja muzee aliyekuja kuchukua simu yake. Alitazama kidogo, akasema: "Huyu hajachoka. Huyu anaogopa." Kisha akajifunika kitenge kichwani, akaenda.

Neno lile halikunitoka. Ndiyo sababu ninaandika leo juu ya jambo ambalo wasikilizaji wetu wa michezo wananiuliza kila mara: kwa nini pigano moja linakufanya usimame, na lingine linakuletea usingizi?

Kwanza, kwa wale ambao hawajui. Kwetu watu wengi wanachanganya MMA na kachi ya Kinshasa. Si kitu kimoja. Katika MMA unaweza kupiga ngumi, teke, kiwiko na goti, kumuangusha mwenzako, kumukaba shingo ao kumukunja mukono mupaka akubali kushindwa. Raundi moja ni dakika tano. Pigano la kawaida ni raundi tatu, na lile la mukanda ni tano. Kama hakuna aliyeanguka wala aliyekubali, majaji watatu wanahesabu: mushindi wa raundi anapata alama 10, mwenzake mara nyingi 9.

Wengi wanasema pigano linachosha kwa sababu wapiganaji wamelala chini. Nilikuwa nasema vile mimi pia. Lakini chini kuna kazi nyingi: yule wa juu anatafuta nafasi ya kupiga, yule wa chini anatafuta shingo ao mukono. Mwezi wa Januari 2022, Ngannou huyuhuyu, goti likiwa na jeraha, alipigana na Ciryl Gane, Mufaransa ambaye zamani walifanya mazoezi pamoja Paris. Ngumi hazikumusaidia sana siku ile, basi akaanza kumuangusha, na akashinda kwa alama. Mutu mwenye kungojea ngumi tu alipitwa na pigano lote.

Wengine wanasema pigano linachosha kwa sababu ni refu. Mwezi wa Aprili 1995, Royce Gracie na Ken Shamrock walipigana dakika 36. Shamrock alikuwa juu, Gracie chini, muda murefu bila mabadiliko. Wakati ule hakukuwa majaji, kwa hiyo likaisha bila mushindi. Ndiyo, lilichosha, lakini si kwa urefu. Lilichosha kwa sababu kukaa vile hakukumugharimu yeyote kitu.

Tena wengine wanasema mutu akirudi nyuma anaharibu pigano. Hapa ninamukumbuka papa yangu. Tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa kijana, akasikiliza kwa redio pigano la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa usiku, kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Ali aliegemea kamba raundi nyingi, akamuacha Foreman apige na apige. Papa alisema kila raundi waliona kama Ali amekwisha, lakini hakuna aliyetoka kando ya redio. Kwa nini? Kwa sababu kurudi nyuma kule kulikuwa na kazi. Ali alilipa kwa mbavu zake ili anunue uchovu wa Foreman. Raundi ya 8, Foreman akaanguka.

Basi kwangu pigano lenye kuchosha ni lile ambalo hakuna anayekubali kulipa. Kila mumoja anangojea mwenzake akosee kwanza. Ngannou na Lewis walikuwa na nguvu ya kuangusha ng'ombe, na kila mumoja alijua nguvu ya mwenzake. Dakika 15 zikapita, Lewis akafikisha mapigo 20 ya maana, Ngannou 11. Watu wakazomea. Lewis akapewa ushindi, lakini hakuna aliyeshangilia sana.

Mwaka ule nilimucheka Ngannou hewani. Nilisema mutu mukubwa vile, aliyebeba mchanga kwenye machimbo tangu utoto kule Kameruni, sasa anaogopa kivuli. Wasikilizaji walicheka pia. Sikueleza kwamba miezi sita mbele, Boston, Stipe Miocic alikuwa amemuchosha na kumushinda kwa raundi tano nzima. Ngannou mwenyewe alisema baadaye kwamba alibeba woga wa pigano la kwanza, akaingia nao katika la pili.

Mimi nilielewa maneno yale kisha Oktoba 2022. Nilikuwa Kiwanja, teritware ya Rutshuru. Vita ilipofika, nilikimbia na bibi na watoto mupaka Goma. Papa alikataa kutoka. Alisema miguu yake haiwezi safari, na mutu lazima abaki nyumbani. Nilimuacha mulangoni.

Goma nikaendelea na kazi. Kila siku niliingia kambini na kinasa sauti. "Mama, munaishi namna gani hapa?" "Tunaishi vibaya." "Asante, mama." Nikaenda kwa mwingine. Siku moja mukubwa wa kipindi akaniita, akaniambia: "Ndugu yangu, habari zako ni sahihi, lakini zinalaza watu." Nilikasirika. Lakini alisema kweli. Nilikuwa nazunguka mbali, kama wale wawili wa Las Vegas. Niliogopa kuuliza watu walimuacha nani nyuma, kwani wangeweza kuniuliza mimi.

Siku ile ya mvua, mvua ilipopungua, nilimutafuta yule mama muzee. Nikamukuta anapepeta maharagi mbele ya hema yake. Nikamuuliza: "Mama, ulimuacha nani?" Akataja mwana wake wa kiume. Aliongea muda murefu, nami sikumukatiza. Kisha akanitazama: "Na wewe, muandishi?"

Nikasema: "Papa." Sauti ikanikatika, na kinasa sauti kilikuwa kingali kinafanya kazi.

Akaniambia: "Basi keti, mwanangu." Nikaketi juu ya jiwe. Tukaongea kama watu wawili. Sehemu yangu niliiondoa, yake tukaipitisha kwenye redio bila kuikata. Jioni ile mukubwa wa kipindi hakusema kitu, aliniandikia tu: "Hivi ndivyo."

Ngannou naye hakubaki mutu wa 2018. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, Beijing, alimumaliza Curtis Blaydes kwa sekunde 45. Tarehe 27 Machi 2021 alirudi mbele ya Miocic, akamuangusha katika raundi ya 2, akachukua mukanda. Mara ile hakukimbilia mbele kama kipofu, wala hakuganda. Alitazama, akangojea kwa kazi, kisha akalipa.

Siku hizi, nikitangaza michezo, simuite tena mutu mwoga hewani. Ninasema: hapigi, na ninajaribu kueleza ni nini anachobeba. Katika kambi zetu kulikuwa vijana wengi walioganda hivi, na watu waliwacheka. Kabla ya kumucheka, muulize alitoka pigano gani.

Papa yangu angali Kiwanja. Mtandao ukipatikana, tunaongea. Juma lililopita aliniuliza kama wale wawili wa simu waliisha kupigana. Nikamwambia: "Papa, hawakuanza hata." Akacheka mupaka simu ikakatika.