Jina Lako Liko Wapi, Bi Harusi?



Mfunguo mosi huu cherehani zetu hazijapoa. Harusi juu ya harusi, Alhamdulillah. Kwa asiyetujua, sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Tulimaliza kidato cha nne, tukasoma ushonaji, na tangu hapo riziki yetu iko kwenye nguo za mabiharusi. Hata kuandika tunaandika pamoja: mmoja anashika simu, mwengine anasahihisha huku anatia shanga.

Wiki tatu nyuma alikuja mwari mmoja kujaribu gauni lake mara ya pili. Ni mtoto mwenye mikono yenye baraka. Anatengeneza singo na udi wa kuunga, mzigo wake unavuka bahari mpaka Dar es Salaam. Tukawa tunambana kiunoni kwa pini, yeye anazungumza. Kwanza akatwambia kuwa siku ya kuingia ukumbini, ukumbi wa wanawake watupu, anataka apigiwe wimbo wa At Last, "ule wa yule mama wa zamani". Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, akasema:

"Dada zangu, mchumba wangu anasema tukishaoana biashara iandikwe jina lake, na namba ya kupokelea pesa iwe yake, maana yeye ndiye kichwa cha nyumba. Kuna ubaya?"

Sote wawili tulinyamaza. Mmoja wetu alijichoma pini.

Kuhusu muziki kwanza, tusije tukagombana: hukumu yake tunawaachia masheikh wetu, wao ndio wenye elimu. Sisi hatukumjibu kwa fatwa. Tulimjibu kwa kisa cha yule mama mwenye sauti, maana tunamjua tangu utoto. Mjomba wetu alikuwa baharia, na katika kanda alizorudi nazo mojawapo ilikuwa yake. Hatukuwa tukielewa maneno, lakini tukielewa kuwa huyu mtu ameumia.

Anaitwa Etta James, mwimbaji wa Marekani wa bluzi na souli, zile nyimbo za majonzi na za moyo za Wamarekani weusi. Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Januari 1938, na jina alilopewa ni Jamesetta Hawkins. Mama yake alikuwa na miaka 14 tu. Baba hakumjua. Akalelewa na watu wengine, na mlezi aliyempenda kuliko wote akimwita Mama Lu.

Alikuwa na miaka mitano walipogundua kanisani kwao kuwa mtoto huyu ana sauti isiyo ya kitoto. Mtu angedhani hiyo ni neema tupu. Lakini mwalimu wake wa kwaya alikuwa akimpiga kifuani wakati anaimba, ati sauti itoke chini tumboni. Na nyumbani, baba mlezi akicheza karata na wenzake usiku wamelewa, humwamsha mtoto kwa kipigo aje awaimbie. Sisi wenye watoto wa umri ule tukifika hapo huwa tunashindwa kuendelea. Allah amempa mtoto amana, na watu wazima wakaigeuza fimbo ya kumpigia.

Mama Lu akafariki mwaka 1950, na msichana akaenda San Francisco kwa mama yake mzazi. Akiwa bado hajafika miaka kumi na mitano akaanzisha kikundi na wenzake wawili. Mwanamuziki Johnny Otis akawasikia, akawachukua. Ndiye aliyelipasua jina la Jamesetta vipande viwili na kuvigeuza: Etta James. Mwaka 1955 wimbo wao wa kwanza, The Wallflower, ukashika nafasi ya kwanza katika chati za muziki wa watu weusi. Palepale mwimbaji mweupe, Georgia Gibbs, akaurekodi upya kwa maneno yaliyolainishwa, na huo ndio ukaongoza chati kubwa za nchi nzima. Fundi yeyote anaijua ladha ya jambo hilo. Umekata wewe, umeshona wewe, na gauni linasifiwa mwilini mwa mtu mwengine.

Mwaka 1960 akaingia kampuni ya Chess ya Chicago, na mwaka ule ule ikatoka santuri ya At Last!, yenye wimbo ambao mabiharusi wa dunia nzima wanautaka. Maana yake ni "Hatimaye". Wimbo wenyewe haukutungwa kwa ajili yake. Ulitungwa na Mack Gordon na Harry Warren kwa ajili ya sinema tangu mwaka 1941. Lakini aliuimba kwa namna ambayo watu wakasahau kuwa uliwahi kuwa wa mtu mwengine.

Sasa mwari akatuuliza: "Kwa hivyo na yeye hatimaye alipata?"

Hapo ndipo tulipomwambia akae kwenye kigoda, maana jibu lake lina wanaume wawili.

Wa kwanza ni Billy Foster. Miaka ile ya sitini Etta alikwenda kumtembelea rafiki yake jela, Ellington Jordan. Rafiki huyo alikuwa ameanza kutunga wimbo kule ndani, na kwa maelezo ya Etta mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1995, wakaumalizia pamoja. Ni wimbo wa mwanamke anayeona bora apofuke kuliko kumuona mpenzi wake akiondoka. Unaitwa I'd Rather Go Blind, na aliurekodi mwaka 1967 kule Muscle Shoals, jimbo la Alabama. Ulipofika wakati wa kuandikisha watunzi, Etta hakuweka jina lake. Aliliweka la Foster, mpenzi wake wa wakati huo. Anasema alifanya hivyo kwa ajili ya mambo ya kodi. Mapenzi yakaisha, jina likabaki. Wimbo ule umeimbwa na wasanii wengi tangu hapo, na kwenye karatasi mtunzi si yeye.

Hatumlaumu Foster kwa kuiba, maana hakuiba. Alipewa. Na hilo ndilo linalotuuma zaidi: hakuna aliyemshikia kisu. Alitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu siku ile ilionekana ni jambo dogo la karatasi.

Wa pili ni Artis Mills, aliyemuoa mwaka 1969. Tuseme ukweli, hawa hawakuwa watu wa kuigwa. Etta alikuwa ameshaingia kwenye unga miaka mingi, na nyumba yao ilikuwa na moto ndani. Visiwani kwetu hakuna haja ya kuelezana unga unafanya nini. Kila mtaa una nyumba inayolia. Mwaka 1972 walikamatwa wote wawili na unga. Mume akaubeba mzigo peke yake, akasema ni wangu. Akafungwa, na hakutoka mpaka mwaka 1981.

Huku nje Etta hakupona siku ile. Miaka miwili baadaye hakimu alimpeleka hospitali badala ya jela, akakaa miezi 17. Akatoka, akaanguka tena, na akiwa na miaka 50 akarudi tena kutibiwa. Lakini mume alipotoka jela walirudiana, wakaishi pamoja mpaka alipokufa Etta, tarehe 20 Januari 2012, siku tano kabla ya kutimiza miaka 74. Katika miaka hiyo ya mwisho aliimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na tuzo za Grammy za kushindania zikaanza kumjia mwaka 1995, miaka 40 baada ya wimbo wake wa kwanza. Hatimaye yake haikuwa siku ya wimbo. Ilichukua umri mzima.

Mwanamume mmoja, jina la mwanamke likatoka kwenye kazi yake na la kwake likakaa. Mwengine akaweka jina lake kwenye mzigo wa mkewe. Tukamwambia mwari: gauni lako hili tutalimaliza kwa wakati, in sha Allah. Wewe kaa ufikiri unaolewa na yupi.

Akainama. Akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini dada zangu, hizo ni hadithi za Wamarekani."

Basi ikabidi tumpe za kwetu.

Mmoja wetu, na hatusemi nani, aliolewa mwanzo akiwa na cherehani nne alizonunua mwenyewe, moja baada ya moja, kwa kushona sare za skuli usiku. Mume akasema mkataba wa fremu uwe jina lake, risiti za mashine ziwe jina lake, ndiyo heshima. Tukaona ni sawa. Hata mama yetu aliona ni sawa. Ilipokuja talaka, mwanamke alitoka na sanduku la nguo na mkasi wake. Alipokwenda kudai aliulizwa swali moja tu: karatasi iko wapi? Karatasi zilikuwepo. Zilikuwa na jina la mtu mwengine. Miezi mitatu ya eda aliikaa akitia vifungo kwa mkono, kwa sababu hakuwa na mashine hata moja.

Mwengine wetu ana mume mchukuzi wa mizigo bandarini. Ule mwaka wa korona, 2020, harusi ziliposimama, tulikuwa na deni la satini na lesi kwa mfanyabiashara wa Darajani. Tulikuwa tukipita njia ya nyuma tusionane naye. Siku moja yule mume, bila ya kutuambia, akaenda mwenyewe dukani na kofia yake mkononi. Akamwambia tajiri: "Deni la mke wangu na shemeji yangu liandike kwangu." Alilipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na miezi. Hatukujua mpaka tulipokwenda na sehemu ya pesa, tukaambiwa jina lenu halimo tena kwenye daftari.

Tulipofika hapo mwari alikuwa analia, na sisi tunalia, na gauni jeupe liko baina yetu, ikabidi tulisogeze lisije likaingia wanja.

Dada zetu, tusije tukaeleweka vibaya. Mume ni kiongozi wa nyumba, na kumtii katika wema ni ibada. Lakini uongozi wake unakwenda na wajibu wa kukulisha na kukuvisha, na mali yako ni yako. Mahari ni yako. Chumo lako ni lako. Ukimpa kwa roho safi, ni sadaka yenye malipo. Asiyeombwa wala kusukumwa akatoa, huyo katoa. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na mali aliyoitoa katika dini aliitoa kama mali yake. Na tujiulize kwa nini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya deni, inayotuamrisha tukikopeshana tuandikishane na tuweke mashahidi. Mola wetu anatujua. Anajua kuwa mapenzi husahau, na wino haukasahau.

Kwa hivyo, mabiharusi wetu, kabla ya siku ya nikaha fanyeni haya machache. Kama una biashara, leseni na namba ya kupokelea pesa ziwe kwa jina lako, na uliseme hilo mbele ya wazee mapema, kwa adabu. Kama unachangia kujenga nyumba, weka karatasi ya ulichochangia, na mashahidi wawili. Na ukimwambia mchumba wako jambo hili, mtazame uso wake. Akikasirika, usiolewe kwa haraka. Mpe kaka yako au baba yako akae naye. Akicheka akasema "mbona hilo ni haki yako", shukuru Allah, umepata.

Mwari wetu alirudi Jumamosi iliyopita kuchukua gauni. Safari hii alikuja na mchumba, akakaa barazani nje kama ada. Tulipotoa kitabu cha risiti, tukauliza, "Tuandike jina gani?" Bi harusi akatazama mlangoni kidogo. Kisha akataja majina yake matatu, taratibu, la kwake, la baba yake na la babu yake. Kule barazani hatukusikia kitu. Mchumba anawaza nini, hatujui. Mazungumzo yao makubwa bado yako mbele, na sisi si watu wa kuyaingilia.

Ila usiku ule, kabla ya kulikunja gauni, tulilipindua. Kwenye bitana, upande wa moyo, pale ambapo mgeni yeyote ukumbini hataona, tukadarizi majina yale matatu kwa uzi mweupe.

Allah awape mabiharusi wetu waume wenye kubeba, si wenye kufuta. Awaponye vijana wetu walioingia kwenye unga, na awape subira mama zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.