Chang'aa Inapolipa Karo

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Kisumu, kabla hujafika Khayega, utavikuta vyungu vya Ilesi vimepangwa kando ya lami: vya maua, vya maji, na vile vyenye tumbo pana ambavyo mwenyeji yeyote anajua ni vya busaa. Wageni husimama hapa kuupiga picha mwamba maarufu uitwao Mwamba Unaolia. Sisi tulipitiliza. Mwenzangu, mhudumu wa afya ya jamii, alibeba mgongoni begi lenye mzani na kipima presha, mojawapo ya yale waliyopewa wahudumu 100,000 nchini kuanzia mwaka wa 2023, na alitaka kufika bondeni kabla jua halijawa kali.

Bondeni ndiko inakopikwa chang'aa, pombe ya kukeneka. Haipikwi mbali na maji, kwa kuwa mvuke lazima upozwe ndipo udondoke. Molasi au sukari guru, kimea, kuni, pipa, bomba. Anayechochea moto mara nyingi ni mwanamke, na tumezoea kusema anayelewa ni mumewe. Lakini mpishi lazima aonje, la sivyo wateja watamwambia katia maji, na mtu akionja kila siku kwa miaka, huko si kuonja tena. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, uliiweka Magharibi juu ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65.

Mama tuliyemfuata, mpishi kama hao, alikuwa na mimba ya miezi saba. Jana yake aliombewa kanisani, akaapa kuacha, na hakuwa ametia tone mdomoni tangu hapo. Alitukaribisha vizuri, ila kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika. Jasho lilimtoka ilhali kulikuwa na baridi. Nilitarajia apongezwe.

"Mayi, umefanya vyema," mhudumu akamwambia, "lakini hili huwezi kulifanya peke yako hapa nyumbani. Twende hospitali leo, si kesho."

Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kuingia kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na mjamzito akipatwa na kifafa hicho, wagonjwa ni wawili. Hospitalini kuna dawa za kutuliza mtetemeko, kuna vitamini B1, kuna mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto. Kuendelea kunywa nako si salama: pombe huvuka kondo, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto. Kwa hiyo kuacha ni lazima, lakini chini ya uangalizi.

Tulipokuwa tunangoja bodaboda nilimuuliza kama klinikini waliwahi kumuuliza juu ya pombe. Waliuliza, akasema, mbele ya benchi zima, na kwenye benchi alikaa wifi yake. Angejibu nini? Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito aulizwe habari za pombe na dawa za kulevya katika kila ziara. Swali zuri, lakini linahitaji mlango unaofungwa.

Kakamega ina historia ya kuwaelewa akina mama kwa upande wa mfuko. Mwaka 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti ilianza kuwalipa akina mama maskini shilingi 2,000 mara sita, mradi wahudhurie kliniki, wajifungulie hospitalini na wamalize chanjo. Mpango ule haukulenga ulevi. Hata hivyo naona ulishika jambo ambalo mahubiri hayalishiki: mama mpishi haondoki penye pipa kwa kuambiwa tu, kwa sababu pipa ndilo linalolipa karo.

Alasiri tulikuta chama cha kukopeshana kimekaa chini ya mwembe. Aliyeomba mkopo alikuwa mama anayenyonyesha, ameacha kunywa tangu kabla ya kujifungua. Alitaka kuku wa kutaga. Mweka hazina hakutaka kumpa pesa mkononi, mwombaji mwenyewe akakubali: wanunue kuku, wamletee kuku. Mzozo ulikuwa kwingine. Bomani kwake bado palikuwa na pipa, la mama mkwe, naye alikuwa mwanachama, ameketi papo hapo.

"Liondoke kwanza," wakasema.

"Nitaliondoa," akajibu kikongwe, "na yule wa kidato cha pili mtamlipia ninyi?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mweka hazina alifungua daftari, akaandika karo ya mjukuu kwenye mstari wa kwanza, kuku kwenye wa pili, na pembeni tarehe ambayo pipa litauzwa kwa fundi wa mabati.