Taa Mpya ya Matumbawe

Binti wa dada yangu, aishiye Dubai, hufuga matumbawe katika hodhi la kioo. Majuzi kanunua taa kali, lakini haiwashi kwa nguvu zote. Tumbawe ni mnyama. Sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na vimwani vidogo mno vikaavyo mwilini mwake. Mwanga ukizidi ghafla, huvitoa, akapauka, na asipovipata tena hufa kwa njaa. Weupe huo tuliuona pwani yetu mwaka 1998, ingawa kwetu uliletwa na joto la bahari. Basi ameyashusha chini ya hodhi, akaanza na nusu ya nguvu, huku akiongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Moja limeanza kufifia nchani. Amelifunika kwa wavu, na kila Ijumaa hunitumia picha yake.