MC WETU NA UGONJWA WA AIBU

Wadau, kuna MC maarufu hapa Singida mjini, jina kapuni. Mwaka mzima harusini hakai, hata kula anakula kasimama. Mimi nikawa nasema anaringa. Kumbe anatokwa usaha pembeni ya njia ya haja kubwa!

Alinunua unga wa "bawasiri" stendi, wapi! Ile ni fistula, kijitundu chenye njia ndani, unga hauifungi. Daktari akampitishia uzi. Wahindi nao wana uzi wao wa Ayurveda, unapakwa utomvu, majivu na manjano, jumla mara 21. Utafiti wao wa 1991 ulionyesha unachelewa kuponyesha, ila ugonjwa haurudi sana kama kwa upasuaji.

Kaka, nisamehe. Na wewe unayeficha, nenda hospitali.