Klachi na Ulimi

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilipokuwa mwanafunzi niliiandika methali hii katika insha nyingi, nikaipamba kwa mifano ya kubuni, na nikapewa alama nzuri. Maana yake hasa nilifunzwa baadaye, nikiwa mwalimu wa miaka 34, na aliyenifunza alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe.

Shule yetu iko milimani, upande wa Wundanyi katika nchi ya Taita. Barabara itokayo Mwatate hupanda kwa mizunguko mingi, na asiye na chombo cha kutegemewa huwasili amechoka kabla kazi haijaanza. Kwa sababu hiyo nilinunua pikipiki kubwa iliyokwisha kutumiwa. Klachi yake haikuvutwa kwa waya, kama ilivyo katika pikipiki nyingi za abiria. Ilisukumwa kwa mafuta.

Yafaa kwanza nieleze kazi ya chombo hiki. Ndani ya klachi zimepangwa sahani nyingi, moja ya kushika na moja ya chuma kwa zamu, nazo hubanwa pamoja na springi zenye nguvu. Zikibanwa, nguvu ya injini hupita mpaka gurudumu la nyuma. Dereva avutapo mkono wa klachi, pistoni ndogo iliyo kwenye usukani husukuma mafuta katika mrija. Mafuta hayo huisukuma pistoni ya pili iliyo kwenye injini, sahani zikaachana, nguvu ikakatika. Auachiliapo mkono, mafuta hurudi yalikotoka, na sahani hushikana tena.

Siku moja, katikati ya mlima, niliongeza moto, injini ikanguruma kwa sauti ya juu, lakini mwendo haukuongezeka. Klachi ilikuwa ikiteleza. Niliipeleka pikipiki Voi kwa fundi niliyemtaja. Aliifungua, akapima unene wa sahani mbele yangu, akanionyesha kuwa zimelika. Nilinunua sahani mpya kwa fedha nilizoweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu.

Siku ya tisa, mchana wa jua kali, klachi iliteleza tena. Nilirudi Voi nimejaa ghadhabu. Mbele ya wateja wake nilimwambia kijana yule kwamba amenitilia sahani kuukuu, na kwamba amekula karo ya mtoto. Hakunijibu kwa ukali. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba jibu lisiloonyesha njia ya hesabu halipati alama. Njia ya hesabu hii iko wapi?"

Sikuwa na la kusema. Nikaondoka.

Maneno yale yalininyima usingizi. Kulipopambazuka niliamua kuifanya hesabu yangu. Niliupanda mlima wakati wa baridi ya asubuhi. Klachi ilishika barabara. Niliupanda tena adhuhuri, injini na hewa vikiwa vya moto, ikateleza. Nikajiuliza: kama sahani ni mbovu, mbona asubuhi hazikuteleza katika mlima ule ule?

Niliyatazama mafuta ya injini, kwa kuwa klachi ya namna hii huoga ndani yake, na mafuta mengine ya motokaa huweza kuitelezesha. Kopo lilikuwa na alama ya JASO MA, yaani mafuta yaifaayo klachi ya pikipiki. Jirani alinishauri nitoe hewa katika mrija. Lakini hewa hubonyea. Ikiingia mrijani, sahani hushindwa kuachana. Ugonjwa wangu ulikuwa kinyume: sahani zilishindwa kushikana. Basi lazima palikuwa na kitu kilichoendelea kuzisukuma hata mkono ulipoachiliwa.

Niliipanda pikipiki mpaka ikateleza, nikasimama. Mkono wa klachi ulikuwa mgumu, hauna hata nafasi ndogo ya kuchezacheza. Nilivika mrija wa mpira kwenye nipeli ya kutolea hewa, nikailegeza kidogo. Mafuta yalichupa, na hali hapakuwa na mtu aliyeuvuta mkono! Nikaikaza nipeli, nikaujaribu mlima. Klachi ilishika.

Ndipo nilipofungua kikombe cha mafuta kilicho kwenye usukani. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na aliyekijaza ni mimi. Siku chache baada ya matengenezo niliona mafuta yamepungua, nikayaongeza mpaka juu, nikidhani kwamba kujaza ndiko kutunza. Mafuta yapatapo moto hutanuka. Yakikosa nafasi katika kikombe, huisukuma pistoni, na pistoni huzilegeza sahani.

Lakini lililonitia haya zaidi ni hili. Katika klachi ya mafuta, sahani zikilika, kipimo cha kikombe hupanda. Zikitiwa mpya zilizo nene, hushuka. Kule kupungua nilikokuona ni kasoro kulikuwa ushahidi kwamba kijana alitia sahani mpya kweli kweli. Ushahidi wa uaminifu wake ulikuwa mbele ya macho yangu, nami niliufunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipunguza mafuta kwa bomba la sindano mpaka kwenye alama, nikateremka Voi siku ile ile. Nilimwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomshutumu nayo, mbele ya watu. Alinisamehe upesi, akanitolea kigoda. Lakini nilipotazama huku na huku, sikumwona hata mmoja wa wale waliokuwapo nilipomwita mwizi. Walikwenda zao na neno langu la kwanza, na la pili sikuwa na njia ya kuwafikishia.

Klachi iliponywa kwa kutoa mafuta kidogo. Neno lililokwisha kutoka halina nipeli ya kulirudisha. Ewe kijana usomaye, kabla hujatamka kosa la mwenzako, ifanye kwanza hesabu yake. Na katika hesabu hiyo, usisahau kuukagua mkono wako.