Fundi Saa wa Mutanga Nord

Mutanga Nord ya miaka ya tisini, jijini Bujumbura nchini Burundi, ilikuwa mtaa wa watumishi wa serikali na walimu wa chuo kikuu. Nyumba zilijificha nyuma ya michongoma na bugenvilia, vichochoro vya vumbi viliteremka kuelekea bonde la mto Ntahangwa, na ukisimama sehemu za juu jioni uliliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Majumbani tulisema Kirundi, na Kifaransa kwa wageni. Kiswahili kilipanda asubuhi na mafundi kutoka Buyenzi: fundi viatu, fundi redio, na yule fundi saa aliyekaa chini ya mwembe, kando ya duka tuliloliita alimantasio.

Tulimwita Mzee, ingawa nikipiga hesabu leo naona hakuwa amefika hata hamsini. Alikuwa na kimeza chenye kisanduku cha kioo, stuli mbili, na lenzi aliyoibana jichoni bila kuishika, jambo ambalo watoto wote wa mtaa tulijaribu kuliiga kwa vizibo vya soda.

Kazi haikumkosa. Tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Oktoba 1993, vita vilikuwa vimeifanya saa ya mkono kuwa chombo cha usalama. Usiku palikuwa na amri ya kutotembea, na amri hiyo haikuondolewa Bujumbura hadi Aprili 2006. Mtu aliyechelewa mjini hakuwa na la kumwambia askari kwenye kizuizi. Kusema saa yangu ilisimama ilikuwa sawa na kukaa kimya. Kwa hiyo wenye saa walizitunza, na wasio nazo walitembea karibu na wenye nazo.

Kisha vikaja vikwazo. Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi Julai 1996, na nchi jirani zikatufungia biashara mpaka Januari 1999. Vipuri vya saa, vilivyokuwa vikipitia Kigoma na Dar es Salaam, vikaadimika. Mzee hakulalamika sana. Alianza kununua saa mbovu kwa bei ya karanga, akiziita maiti, na kuzipanga ndani ya makopo ya maziwa ya unga: kopo la Seiko, kopo la Uswisi, kopo la Warusi. La Warusi lilikuwa na maana yake. Mtaani walikuwamo mabwana waliosoma Umoja wa Kisovyeti na kurudi na Raketa na Slava, saa nzito ambazo hakuna aliyewahi kuleta vipuri vyake Bujumbura. Zilitembea kwa kulishana zenyewe kwa zenyewe.

Kiangazi ndicho kilikuwa msimu wake. Vumbi la Juni hadi Agosti hupenya hata kwenye mfuniko unaoonekana umekaza. Aliufungua mgongo wa saa, akailegeza kamani taratibu ili isifyatuke, kisha akatoa vipande kimoja kimoja kwa kibano na kuvifunika kwa glasi ya chai iliyopinduliwa. Viliogeshwa kwa esansi, yaani petroli, ambayo wakati wa vikwazo iliuzwa kwa kificho na kwa bei ya kutisha. Alitumia kizibo kimoja tu, akakichuja kwa kitambaa na kukitumia tena. Mafuta yalitiwa kwa ncha ya sindano kwenye vijiwe vyekundu vinavyobeba mihimili ya magurudumu. Yakizidi, yanavuta uchafu; yakipungua, chuma kinasagana. Mwisho aliiweka saa sikioni. Nyingi za Uswisi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani tano kwa sekunde. Seiko nyingi hupiga 21,600. Mzee alizitofautisha akiwa amefumba macho, huku akisubiri milio ya BBC kwenye redio ya mawimbi mafupi ili aweke mishale sawasawa.

Baba alikuwa na Seiko 5 ya aina isiyotiwa funguo. Hujijaza kwa mtikisiko wa mkono. Baba alipolala na malaria, saa nayo ikasimama. Mama akaipeleka chini ya mwembe akiwa na wasiwasi.

"Mzee, hii nayo imekufa?"

Akaitikisa kidogo, ikaanza. "Haidai kitu, Mama. Mwenyewe akipona, nayo itapona."

Hakuchukua hela.

Amani ilipokaribia, bidhaa zilirudi kwa wingi. Saa za plastiki zilizoandikwa Quartz usoni zilifika kwa mafungu, nyingine bei yake chini ya gharama ya kusafisha Seiko moja. Dunia ilikuwa imetangulia: Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi 25 Desemba 1969, na Uswisi kwenyewe wafanyakazi wa saa, waliokuwa takribani 90,000 mwaka 1970, walibaki kama theluthi moja katikati ya miaka ya themanini. Kwetu wimbi lilichelewa, lakini lilikuja na mwenzake, simu ya mkononi. Wateja wa Mzee wakawa watu wa kubadilishiwa betri na mikanda. Aliyekuwa akimuuzia mikanda alikuwa na kibanda soko kuu. Soko lilipoungua 27 Januari 2013, Mzee alikuwa tayari ameacha kupanda Mutanga. Mwanawe anatengeneza simu. Simlaumu: kioo cha simu kinalipa siku hiyohiyo, ilhali saa ya kamani ilidai miaka ya kukaa kando ya fundi kabla hujaruhusiwa kugusa gurudumu.

Huwa nasikia watu wakisema ufundi ule ulikufa kwa uvivu wa vijana. Sikubali. Tulipokuwa maskini kupita kiasi, tumefungiwa mipaka, saa zetu zote zilitembea, kwa sababu hatukuwa na nyingine. Uliouua ufundi ni wingi, na vitu vilivyoundwa visifunguliwe. Kuna saa za plastiki ambazo mgongo wake umeunganishwa moja kwa moja. Hata Mzee angefanya nini?

Nawe uliyerithi saa ya kamani iliyolala kabatini miaka mingi, usiitie funguo wala kuitikisa ili kuona tu kama ingali hai. Mafuta yake yamekauka, na kila mzunguko unakula mihimili. Usiipake mafuta ya cherehani. Itafutie fundi kwanza, na umtafute mapema, maana waliobaki ni wazee.